Bwawa la Solai

Leo tutajifunza habari ya bwawa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno TUTA.

Wakati wa ukoloni, walowezi wa Kizungu walichukua mashamba makubwa katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Kiangazi huko ni kirefu. Basi wenye mashamba walijenga mabwawa madogo. Waliziba kijito kwa tuta la udongo, wakaweka maji ya mvua ili kumwagilia mimea wakati wa ukame. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi yaligawanywa au kuuzwa. Mahali pengine wakulima wadogo wakawa wanakaa chini ya mabwawa ambayo si mali yao.

Ndivyo ilivyokuwa Solai, karibu na mji wa Nakuru. Mwaka 2018 masika ilikuwa kubwa kupita kiasi. Usiku wa tarehe 9 Mei, tuta la bwawa la shamba moja la mtu binafsi lilibomoka. Maji na matope yakashukia nyumba, watu wakiwa ndani. Walikufa watu zaidi ya 40, watoto wakiwamo.

Tuta la udongo hubomokaje? Maji yakipita juu yake, huuchukua udongo kidogo kidogo. Yakipenya katika shimo la mnyama au mzizi uliooza, hulichimba kwa ndani. Kwa sababu hii bwawa lazima liwe na njia ya pembeni ya kutokea maji ya ziada. Na juu ya tuta ziote nyasi, si miti.

Baada ya msiba, Seneti ya Kenya ilifanya uchunguzi, na watu kadhaa walishtakiwa mahakamani. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ilikuwa tayari inataka kibali. Lakini karatasi peke yake haizuii maji. Mwenye bwawa ni mmoja. Walio chini yake ni wengi.

Wewe unayekaa chini ya bwawa, litazame tuta. Ukiona ufa, au maji ya matope yanatoka upande wa chini, mwambie mwenye bwawa na afisa wa maji siku hiyo hiyo. Mvua ikizidi, wapeleke watoto mahali pa juu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Watu wa Solai walijenga makaburi.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini wenye mashamba walijenga mabwawa?
2. Maji ya ziada yatokee wapi?
3. Je, kwenu kuna bwawa? Nani hulikagua?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.