Nani Aliyetunga Wimbo Huu?

Mapema mwaka 2012 wapenzi wa jukwaa nchini Marekani walishikwa na shauku kubwa. Televisheni ya NBC ilikuwa imetangaza tamthilia mpya iitwayo Smash, ambayo kisa chake hakikuwa cha mauaji, mahakama wala hospitali. Kilihusu kazi ya kutunga na kuandaa mchezo wa nyimbo kwa ajili ya kumbi za Broadway, jijini New York. Aliyeibuni ni Theresa Rebeck, mwandishi wa tamthilia za jukwaani, na miongoni mwa watayarishaji wakuu alikuwamo Steven Spielberg. Usiku wa tarehe 6 Februari, watu zaidi ya milioni 11 waliitazama sehemu ya kwanza.

Mimi niliiona baadaye, kwa nakala aliyoniletea mpwa wangu. Yeye alitaka nitazame uchezaji; jicho langu likamwandama mwanamke mmoja aitwaye Julia Houston. Katika kisa hicho Julia hutunga maneno, na mwenzake, Tom Levitt, hutunga muziki. Wawili hao wanaandika mchezo kuhusu maisha ya Marilyn Monroe. Watazamaji wengi walibishana juu ya Ivy na Karen, waimbaji wawili wanaogombea nafasi ya Marilyn. Sikumsikia hata mmoja akiuliza habari za Julia na vina vyake.

Sababu ya kuliona hilo ninayo. Miaka mingi nyuma nilikitungia kikundi kimoja cha taarabu shairi la beti sita. Usiku wa onyesho niliketi safu ya nne, nimevaa kanzu mpya. Mshereheshaji alimtaja mwimbaji, akamtaja mpiga fidla, akamshukuru hata aliyeazima vipaza sauti. Jina langu halikusikika. Beti mbili zilikuwa zimekatwa, na katika ubeti wa mwisho neno moja lilibadilishwa ili lifuate mahadhi, kina kikavunjika. Watu walishangilia. Nami nilipiga makofi pamoja nao, kwa kuwa wimbo ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo nilipomaliza kuitazama tamthilia ile, nilianza kusoma habari za watunzi wa maneno wa Broadway. Nilikuta kwamba swali langu lina umri mkubwa.

Tarehe 27 Desemba 1927 ulifunguliwa New York mchezo uitwao Show Boat. Muziki ulikuwa wa Jerome Kern. Maneno yalikuwa ya Oscar Hammerstein wa Pili. Kabla yake, michezo mingi ya nyimbo ilikuwa vichekesho vyepesi, na wimbo uliweza kuhamishwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine bila kisa kudhurika. Show Boat ulithubutu kuzungumzia ubaguzi wa rangi na ndoa zilizovunjika, na nyimbo zake zilibeba kisa chenyewe. Husimuliwa kwamba siku moja, katika karamu, mtu alimsifu Kern kwa kuutunga wimbo wa Ol' Man River. Mke wa Hammerstein akamsahihisha: Kern alitunga mlio tu, maneno ni ya mume wangu. Hata kama kisa hicho kimetiwa chumvi, kila mtunzi anajua kinachosema.

Baadaye Hammerstein aliungana na Richard Rodgers. Hapo ndipo wenzangu washairi wanapaswa kutega sikio. Rodgers alikuwa amezoea kutunga mahadhi kwanza, kisha mshirika wake wa awali, Lorenz Hart, akayavika maneno. Hammerstein naye alikuwa ameandika miaka mingi chini ya amri ya mahadhi. Walipokutana, kwa sehemu kubwa waliugeuza utaratibu: shairi likatangulia, muziki ukafuata. Mchezo wao wa kwanza ulijaribiwa mjini New Haven mwezi Machi 1943, ukiitwa Away We Go! Ulipofika New York tarehe 31 mwezi huohuo, ulikuwa umepewa jina jipya, Oklahoma!, kutokana na wimbo mmoja uliomo ndani yake. Ulionyeshwa mara 2,212.

Sidai kwamba utaratibu huo ndio pekee ulio sahihi. Katika taarabu zetu shairi aghalabu hutangulia: mmoja hutunga, wa pili hutia mahadhi, wa tatu huimba. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, miezi michache tu baada ya Show Boat kufunguliwa, sauti yake ndiyo iliyovuka bahari na kukaa katika santuri. Ni haki yake, na Shaaban Robert alifanya vyema kumwandikia wasifu. Lakini kulitanguliza shairi hakumlindi mshairi. Mizani zetu zinaongoza muziki, ilhali majina yetu yanabaki nyuma ya pazia.

Na Smash yenyewe? Maneno tunayoyaona yakimtoka Julia yaliandikwa hasa na Marc Shaiman na Scott Wittman, waliokwisha kupata sifa kwa mchezo wa Hairspray. Msisimko wa mwanzo ulipungua, na tamthilia ikakoma mwaka 2013 baada ya misimu miwili. Nyimbo hazikukoma. Mwaka 2015 nyimbo za Bombshell, ule mchezo wa kubuni kuhusu Marilyn, ziliimbwa usiku mmoja katika ukumbi halisi wa Broadway. Na mwaka 2025 Smash yenyewe iligeuzwa mchezo wa jukwaani. Kilichodumu katika jambo lote lile ni utunzi.

Mwaka jana nilihudhuria harusi, wimbo wangu ukapigwa, zikiwa zimebaki beti nne. Kijana aliyeketi kando yangu aliufuata neno kwa neno, hata lile neno lililovunja kina. Nilimwuliza, "Nani aliyetunga wimbo huu?" Akanitajia jina la mwimbaji. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nikaomba kipande cha karatasi, nikamwandikia zile beti mbili zilizokatwa, na chini yake nikatia jina langu.