Mapatano ya Kazi Kubwa: Mafunzo ya Reli ya Uganda

Leo twataka kusimulia habari za reli iliyojengwa kutoka Mombasa hata Ziwa Viktoria Nyanza kati ya mwaka 1896 na mwaka 1901. Habari zake nyingi mmekwisha kuzisikia kwa wazee: nyika isiyo na maji, homa, na simba wa Tsavo. Lakini liko jambo moja ambalo wasimulizi wengi huliruka, nalo ni mapatano. Nani aliahidi kufanya kazi gani, kwa bei gani, na mambo yalipobadilika, nani alilipa? Hilo ndilo tutakalolitazama.

Kabla ya kufika kwenye reli, na tuanze nyumbani. Zamani kidogo, katika kijiji kimoja tulichofundisha, wazazi na sisi walimu tulipatana na fundi atujengee darasa la matofali. Tulitaja bei, tukapeana mikono, tukafurahi. Kuta zilipofika usawa wa dirisha, mzee mmoja akasema afadhali ziinuliwe zaidi ili watoto wapate hewa. Mwingine akataka mlango wa pili. Fundi akaitikia, "Haya, mabwana," akaendelea. Siku ya malipo akadai nyongeza. Sisi tukasema, "Bei ni ile ile tuliyopatana." Yeye akasema, "Kazi siyo ile ile tuliyopatana." Ikawa maneno. Fundi akaondoka kwa hasira, paa halijaezekwa, mvua zikaanza, na watoto wakasoma chini ya mwembe muda wote wa masika. Kila mmoja wetu alikuwa na haki kidogo na kosa kidogo, ila watoto tu, ambao hawakuwa na kosa lo lote, nao ndio walionyeshewa.

Basi, yaliyotupata sisi kwa darasa moja ndiyo yaliyowapata wakubwa wa Uingereza kwa njia ya maili 582. Tofauti ni ukubwa wa hesabu tu.

Njia hiyo ilitazamwa mara ya kwanza na Kapteni Macdonald, aliyetumwa pamoja na wenziwe katika mwaka 1891 na 1892. Walipita upesi, kama msafiri apitavyo, wakaandika mahali panapofaa kupita reli. Katika mwaka 1895 halmashauri moja huko London ilikadiria kwamba njia iliyo nyepesi ingeweza kujengwa kwa pauni 1,755,000. Mwaka uliofuata mambo yalifikiriwa tena: upana wa njia ukawa mita 1, kama reli nyingi za Bara Hindi, ili vyombo na mafundi wa huko waweze kutumika huku. Bunge la Uingereza likakubali kutoa pauni 3,000,000. Injinia mkuu, George Whitehouse, alikuwa amekwisha kufika Mombasa tangu Desemba 1895, na reli za kwanza zikatandikwa mwaka 1896.

Hapo palikuwa na shauri kubwa la kukatwa, na kila mwenye kutaka kujenga, iwe nyumba au daraja, hulikuta. Je, apewe mkandarasi mmoja kazi yote kwa bei moja, au mwenye mali ajenge kwa mkono wake mwenyewe, akiajiri watu na kununua vyombo? Njia ya kwanza ina faida hii, kwamba bei yajulikana tangu mwanzo, na kazi ikizidi ugumu, hasara ni ya mkandarasi. Lakini mkandarasi naye si mjinga. Akiitwa kujenga mahali pasipopimwa sawasawa, asipojua kama chini ni mchanga au mwamba, wala maji yatatoka wapi, hutia hofu yake yote ndani ya bei. Na bei ya hofu ni kubwa, hata kama hofu yenyewe haikutimia.

Serikali ya Uingereza ikachagua njia ya pili. Ilisimamia ujenzi yenyewe, kwa halmashauri iliyokaa London na injinia mkuu aliyekuwa Afrika. Kandarasi zilitolewa kwa sehemu sehemu tu. Mmoja aliyepata kandarasi hizo alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanya biashara wa Karachi, ambaye alileta mafundi na vyakula, akafanya na kazi za kupasua miamba na kujenga majumba. Faida ya mpango huo ilikuwa kuanza upesi bila kungoja vipimo vyote. Hasara yake ni kwamba kila jambo lililobadilika njiani lililipwa na mwenye mali, maana hapakuwa na mwingine wa kulilipa.

Nayo mambo yalibadilika sana. Katika nyika ya Taru hapakuwa na maji, ikabidi yaletwe kwa gari la moshi. Mvua kubwa zilibomoa tuta zilizokwisha kujengwa. Wanyama wa kuchukua mizigo walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o. Huko Uingereza kwenyewe, tangu Julai 1897 hata Januari 1898, palikuwa na ugomvi mkubwa kati ya mafundi wa mitambo na mabwana zao, viwanda vikafungwa, na vyombo vilivyoagizwa vikachelewa. Halafu mbele yao lilikuwapo Bonde la Ufa, ambalo ukingo wake huanguka ghafula kama ukuta. Ili kazi isisimame, mainjinia walijenga njia ya muda ya kuteremshia magari kwa kamba za chuma, na huku njia ya kudumu ilikuwa bado ikichongwa ubavuni mwa mlima. Njia ile ya muda iligharimu fedha nyingi, kisha ikaachwa. Lakini iliwawezesha kutandika reli chini bondeni huku wengine wakiendelea na kazi juu. Twajifunza kwamba si kila badiliko ni hasara. Liko badiliko linalonunua wakati. Lipasalo ni kulipima kabla ya kulitenda, na kuliandika.

Fedha za kwanza hazikutosha. Katika mwaka 1900 wakubwa walirudi Bungeni kuomba pauni 1,930,000 zaidi. Wabunge wengine walikasirika, wakauliza kwa nini kazi haikupewa mkandarasi tangu mwanzo. Reli ilipokwisha, gharama zote zilifika kadiri ya pauni 5,500,000, karibu mara mbili ya zile zilizokubaliwa mwaka 1896. Hatusemi kwamba mkandarasi angaliijenga kwa bei nafuu. Twasema kwamba makadirio yaliyofanywa kabla ya kupima nchi yalikuwa matumaini yaliyoandikwa kwa tarakimu, na watu wakayasoma kana kwamba ni ahadi.

Na tutazame mfano wa kandarasi iliyokwenda vizuri. Katika milima ya Mau palihitajiwa madaraja marefu ya chuma 27 ya kuvuka mabonde. Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kupimwa, na kila bonde kina na upana wake vilijulikana. Basi viwanda viliulizwa bei, na American Bridge Company ya Marekani ikawashinda Waingereza, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini na iliahidi kumaliza mapema. Waingereza wengine walinung'unika kwamba fedha za nchi yao zapewa wageni. Lakini Wamarekani walileta vyuma vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo, pamoja na mafundi wa kuviunganisha. Tofauti ya mambo haya mawili ni wazi: njia nzima ilianzwa kabla ya kupimwa, na madaraja yaliombewa bei baada ya kupimwa. Kilichojulikana chaweza kuahidiwa.

Sasa na tuwakumbuke watu wenyewe waliofanya kazi. Kutoka Bara Hindi waliletwa 31,983, wengi wao kwa mkataba wa miaka 3. Katika hao, 2,493 walikufa. Mkataba wa mtu wa kazi ulitaja mshahara wake na chakula chake. Haukuweza kutaja kila jambo litakalompata. Na hapa ndipo tunapofika kwa simba.

Mwaka 1898 Luteni Kanali Patterson alipewa kazi ya kujenga daraja la mto Tsavo. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 aeleza madai mawili. La kwanza lilihusu waashi. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, na mchukuzi wa kawaida rupia 12. Kwa sababu hiyo watu wengi wasiojua kuchonga jiwe walijiita waashi. Patterson alipoona hivyo, aliweka malipo kwa kadiri ya kazi: mwashi wa kweli aweza kupata rupia 45 zake au kuzidi kidogo, na mwongo ashuke hata mshahara wa mchukuzi. Lilikuwa neno la haki, lakini alilibadilisha katikati ya kazi, na waliokosa faida walikula njama ya kumwua. Aliokoka, na wakubwa wa njama wakahukumiwa. Twaona kwamba hata badiliko la haki huzaa hatari, likiwajia watu ghafula. Kama ustadi wao ungalijaribiwa kabla ya kuandikwa majina yao na mishahara yao, ugomvi usingalikuwapo.

Dai la pili lilitokea mwanzo wa Desemba 1898. Simba wawili walikuwa wamekwisha kuwala watu wengi, wakiwatoa ndani ya hema usiku. Watu wa kazi walimwendea Patterson wakamwambia kwamba walitoka kwao kwa mapatano ya kuifanyia Serikali kazi, wala hawakupatana kuwa chakula cha simba. Kisha walilala juu ya reli, wakasimamisha gari la moshi lililokuwa likipita, wakaliparamia na kwenda zao. Kazi ya daraja ilisimama muda wa majuma 3, hata simba walipouawa mwezi huo huo. Pengine msomaji atacheka. Sisi hatucheki, kwa maana dai lile ni safi kuliko mengi tuliyopata kuyasikia. Mtu huahidi kazi, na katika kazi huahidi taabu zake za desturi: jua, jasho, na uchovu. Lakini ikija hatari ambayo hakuna upande uliyoitazamia, haki yataka pande zote mbili zikae tena, waseme: sasa itakuwaje?

Katika Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Lakini yako mapatano mengine yaliyofuata reli, nayo hayakuwa ya vyuma wala ya mawe. Reli ilipopita katika Bonde la Ufa, walowezi walitamani malisho yaliyo karibu na njia. Katika mwaka 1904 Serikali ilifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai wahame bondeni, wengine waende Laikipia, wengine kusini. Na iliandikwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wangaliko kama kabila. Yalidumu miaka 7. Katika mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine, nao wa Laikipia wakahamishwa kwenda kusini. Wamaasai, wakiongozwa na Ole Gilisho, hawakutwaa mikuki. Walitafuta wakili, wakapeleka dai lao mahakamani katika mwaka 1913. Mahakama haikusema kwamba dai lao ni la uongo. Ilisema kwamba maandiko yale yalikuwa mkataba wa serikali na taifa, si mapatano ya mtu na mtu, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuyahukumu. Rufani nayo ikashindwa.

Twaomba mlifikiri sana neno hilo. Waashi wa Tsavo walikuwa na msimamizi wa kumnung'unikia. Wakubwa wa reli walikuwa na Bunge la kuwauliza fedha zimekwenda wapi. Wamaasai walikuwa na karatasi iliyotiwa sahihi, lakini hawakuwa na mwamuzi. Karatasi isiyo na mwamuzi ni kama jembe lisilo na mpini: chuma ni kizuri, lakini halilimi.

Wazee wetu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika habari hizi twaweza kuliongeza neno hilo kwa mambo manne, nanyi mwaweza kuyatumia hata mkijenga ghala au kuchimba kisima cha kijiji. Kwanza, pimeni kabla ya kutaja bei, maana makadirio bila vipimo ni kubahatisha. Pili, semeni tangu mwanzo nani atalipa ikiwa chini pana mwamba, au mvua ikibomoa. Tatu, badiliko lo lote, hata la dirisha moja, liandikwe siku ile ile, pamoja na bei yake, mbele ya mashahidi. Nne, mchagueni mwamuzi wakati wa kupatana mngali marafiki. Maana wakati wa ugomvi kila mtu atataka mwamuzi wa nyumbani kwake.

Darasa letu lile liliezekwa mwishowe. Wazee wawili wa kijiji jirani waliitwa, wakazipima kuta kwa kamba, wakahesabu matofali yaliyoongezwa, wakakata kwamba fundi alipwe nusu ya alichodai. Fundi alirudi, akamaliza kazi. Shauri lao halikuchukua zaidi ya asubuhi moja. Tungaliwaita siku ya kwanza, watoto wetu wasingalinyeshewa.