Kalulu mbele ya kamera

Februari 27, 1875 msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley ulifika Kageye, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo leo pako wilayani Magu mkoani Mwanza. Kati ya wapagazi, askari na mashua iliyobebwa vipande vipande tangu Bagamoyo, alikuwamo kijana ambaye watu wa London walikuwa wakiijua sura yake kuliko ya mtemi yeyote wa Usukuma. Jina lake Ndugu M'hali. Stanley alimwita Kalulu.

Mwarabu mmoja alikuwa amempa Stanley mtoto huyo huko Unyanyembe, Tabora, mwaka 1871. Alikuwa mtumwa, akatolewa zawadi. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, amesimamishwa ndani ya studio ya London Stereoscopic Company. Katika picha moja Stanley yuko mbele na mavazi yake ya safari na silaha, na Kalulu nyuma yake naye kakamata bunduki. Msitu wenyewe ni wa studio. Picha za aina hiyo zilibandikwa kwenye kadi inayoenea kiganjani, zikauzwa, watu wakazipanga kwenye albamu zao sebuleni.

Enzi hizo mtoto hakupigwa picha akiwa katika hali yake ya kawaida. Kioo kilipakwa dawa, kikatumika kingali kibichi, na aliyepigwa alipaswa kutulia sekunde kadhaa bila kutikisika. Mtu mzima aliwekewa chuma nyuma ya shingo kimshikilie kichwa. Kwa kichanga, mama alijifunika kitambaa akajifanya kiti, mwanawe mapajani. Anayeshangaa kwa nini watoto wa picha zile wamenuna na ajaribu kumtuliza wa kwake! Kamera ya bei ya chini ya Brownie, iliyouzwa dola moja, ilitoka mwaka 1900. Malkia Victoria, mtawala wa Uingereza enzi hizo, akafa Januari 1901. Picha ya mtoto anayekimbia au kucheka ilianza kuzoeleka enzi yake ikiwa inafungwa.

Lakini kwa Kalulu tatizo halikuwa dawa wala sekunde. Picha zake zilikuwa tangazo. Mwaka huohuo wa 1872 Stanley alitoa kitabu cha jinsi alivyompata mmisionari David Livingstone, na mtoto huyu alikuwa ushahidi unaotembea. Mwaka 1873 akamtungia hadithi nzima, My Kalulu. Kijana akapelekwa shule ya Kiingereza, kisha akarudishwa Afrika katika msafara uliopita Kageye.

Mwaka 1876 Kalulu alitoroka. Stanley aliandika kwa uchungu kwamba hata huyu, aliyemsomesha miezi 18, amemkimbia. Kwangu hii ndiyo sura yake ya pekee ambayo hakuna aliyempangia. Alitafutwa, akakamatwa kwenye kisiwa kimoja, akarudishwa safarini. Machi 28, 1877 mtumbwi wake ulibebwa na maji kwenye maporomoko ya Mto Kongo, akafa maji. Maporomoko yale Stanley akayaita Kalulu, jina alilompa yeye mwenyewe.