Uambukizikaji: Istilahi ya Wepesi wa Mwili Kuambukizwa

Mafua yakiingia katika nyumba moja ya Mugumu, wilayani Serengeti, au Sirari mpakani, wilayani Tarime, wote huvuta hewa ile ile. Hata hivyo, mmoja hulala kitandani, mwingine hupiga chafya siku mbili akaendelea na shamba, na wa tatu hahisi chochote. Kiswahili cha afya huiweka tofauti hiyo ndani ya maneno "hatari ya kuambukizwa", na hapo mambo mawili huchanganyika.

Jambo la kwanza ni kukutana na kirusi: mnadani, darasani, ndani ya daladala iliyojaa. La pili ni hali ya mwili wenyewe pale kirusi kinapofika puani. Hili la pili ndilo linalofaa kuitwa uambukizikaji. Neno limejengwa kwa kauli ya kutendeka: ambukiza huzaa ambukizika, kama soma inavyozaa someka. Maandishi husomeka hata kabla hajatokea msomaji. Vivyo hivyo mwili huambukizika hata kabla kirusi hakijafika. Tusilichanganye na uambukizaji, yaani tendo la kumpa mwingine ugonjwa. Kliniki, mbele ya mama mwenye mtoto, "wepesi wa kuambukizwa" inatosha.

Chakula hakipunguzi watu mnadani. Kinachoweza kuguswa nacho ni uambukizikaji. Vitamini A hutunza utando laini wa pua, koo na mapafu. Ikipungua, utando hukauka na ulinzi wake hudhoofu. Zinki huhitajika ili chembe nyeupe za damu ziongezeke. Kingamwili, zinazokishika kirusi, ni protini, nao mwili hujenga protini kutokana na mlo.

Tarime na Serengeti hazina uhaba wa vyakula vya kazi hiyo: mgagani, mnavu, kisamvu, papai, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maharage, maziwa mgando, dagaa wa Ziwa Victoria. Tatizo huja pale ugali wa muhogo unapobaki peke yake sahanini, au mboga na maziwa vinapouzwa vyote mjini. Tumbo hushiba, utando wa mapafu ukabaki na njaa. Mboga yenyewe iungwe kwa karanga au mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Istilahi hii inahitaji mpaka mwingine: uambukizikaji ni tofauti na ukali wa ugonjwa. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walifariki 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walifariki 12. Kwa walio chini ya miaka 2 pengo lilikuwa kubwa zaidi: 1 dhidi ya 7. Watoto hao walikuwa wameshaambukizwa. Kilichoonekana kupungua ni ukali wa ugonjwa.

Ushahidi wa karibu zaidi na uambukizikaji wenyewe ulitoka Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi walibadilisha mlo wa wanaume vijana. Waliozoea chakula cha asili walipokula chakula cha kimagharibi kwa wiki 2, protini zinazoashiria inflamesheni (uvimbe unaotokana na kinga ya mwili) ziliongezeka katika damu yao, na chembe zao za kinga zikawa nzito kuitikia vimelea. Waliohamia chakula cha asili walionyesha inflamesheni ikipungua. Kilichopimwa ni damu. Idadi ya mafua haikuhesabiwa. Kwa hiyo sentensi sahihi ni hii: mlo huenda ukaathiri uambukizikaji. Anayetangaza kwamba chakula fulani "kinazuia virusi" amevuka ushahidi.

Neno likikaa mahali pake, ushauri nao hunyooka. Msongamano na mikono michafu hushughulikiwa kwa hewa, maji na sabuni. Ukali wa surua hupunguzwa kwa vitamini A, ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa mara mbili kwa mwaka. Uambukizikaji wa surua hupungua zaidi kwa chanjo ya miezi 9 na ya 18, ambayo hakuna mboga inayoweza kushika nafasi yake. Mgagani, dagaa na maziwa ni kazi ya kila siku, na mtoto wa Tarime anastahili vyote, chanjo na mlo kamili.