SAANANE SI SAA NANE: Kisiwa cha Kutembeza Watoto na Mzee Ambaye Jina Tunalijua, Yeye Hatumjui

Mwambie mtu, "Jumamosi nawapeleka watoto Saanane," halafu usikie atakavyokujibu. "Saa nane mchana au usiku?" Wapo wanaoamini kabisa kwamba kile kisiwa kilichopo mbele ya jiji la Mwanza kimepewa jina la saa, labda boti ya kwanza ilitia nanga saa nane, labda mzungu fulani alikula chakula cha mchana pale. Hapana, wadau. Saanane ni mtu. Alikuwa na jembe, alikuwa na nyavu, na kisiwa kile ndiko kulikuwa kwake.

Tumezoea stori za "msanii mmoja mkubwa" na "kigogo fulani wa Masaki", ambazo jina linafichwa lakini wote tunamjua anayesemwa. Hii ya leo imegeuka kichwa chini miguu juu. Jina lipo kwenye tiketi, lipo kwenye ramani, lipo kwenye picha za watu kibao mtandaoni. Mwenye jina ndiye hajulikani.

KWANZA, KWA NINI MTU WA TARIME AU MUGUMU AENDE HUKO?

Swali zuri. Sisi wa Mara tumelala mlango mmoja na Serengeti, hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763. Dunia nzima inapanda ndege kuja kuiona. Lakini jaribu kumpeleka mtoto wa miaka minne akatembee humo kwa miguu yake. Haiwezekani. Mle unakaa kwenye gari, unafungua kioo kidogo, unapiga picha, unafunga. Matembezi ya miguu yana utaratibu wake maalumu na askari mwenye bunduki, na kiukweli si mambo ya mtoto anayelia akichomwa na nyasi.

Saanane ni kinyume chake. Ni hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2.18 tu, tena hapo umehesabu na visiwa vidogo vya jirani na maji yanayokizunguka. Fanya hesabu: Serengeti inaizidi zaidi ya mara 6,000. Udogo huo ndio raha yenyewe kwa mwenye watoto. Mtoto anaanzia chini kwenye maji, anapita chini ya miti, anapanda mawe, anafika juu na kuona ziwa pande zote, kabla hajaanza wimbo wa "nibebe, nimechoka".

Safari ya kufika Mwanza ndiyo ndefu. Kutoka Tarime unashika barabara kuu inayotoka Sirari, unavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, unapita Bunda, Lamadi na Magu. Wa Mugumu mnashuka kuikuta barabara hiyo hiyo mbele ya safari. Njiani kuna zawadi ya bure: maeneo ya Ndabaka, ambako hifadhi ya Serengeti inafika hadi barabarani. Mwambie mtoto aangalie dirishani, anaweza kuona pundamilia bila kulipa hata mia.

Ukifika Mwanza unaenda upande wa Capri Point, kwenye ofisi ya hifadhi, unalipa kiingilio, mnavaa maboya, mnapanda boti. Dakika chache tu mko ng'ambo.

SASA TUJE KWA MZEE

Anaitwa Saanane Chawandi. Alikuwa mvuvi na mkulima, na ndiye aliyekuwa akikaa kisiwani kabla serikali haijakichukua mwaka 1964. Historia ya kisiwa inavyosimuliwa, fidia aliyopata ilikuwa ndogo. Hapo ndipo stori yake inapoishia kwa wengi wetu: mvuvi, mkulima, fidia kidogo, kwaheri.

Na kisiwa kikageuka kuwa bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania.

Ili uelewe kwa nini, rudi nyuma kidogo. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapa hapa Mara, alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori. Si lile la Ujamaa la 1967, hili lilitangulia. Aliahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1963 kikafunguliwa chuo cha wanyamapori pale Mweka, Kilimanjaro. Nchi ilikuwa changa, na wananchi wengi walimjua tembo kama mharibifu wa shamba, hawakumjua kama mali. Kwa hiyo likaja wazo: tuwalete wanyama karibu na mji, ili mtoto wa Mwanza awaone bila kwenda porini.

Kati ya 1964 na 1966 wanyama wakakamatwa sehemu mbalimbali za nchi wakapelekwa kisiwani. Na si swala peke yao, ndugu yangu. Nyati, tembo, faru, twiga. Hebu vuta picha: twiga, ndani ya ziwa, anavushwa kwenda kwenye kipande cha mawe kilichokuwa shamba la mzee wa watu. Waliofanya kazi hiyo, wale waliovuta kamba, waliokata majani ya kuwalisha, waliolala macho mnyama akiumwa, nao hawana majina kwenye stori hii.

Saanane ilikuwa pia kituo cha njiani kwa wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo, kisiwa kikubwa zaidi upande wa magharibi wa ziwa. Rubondo ina mkasa wake. Ilitangazwa pori la akiba mwaka 1965, na wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi kule wakahamishwa. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 wakaletwa kutoka Ulaya. Hawa walikuwa wamekamatwa Afrika wakiwa wadogo, wakaishi kwenye vizimba vya wazungu, halafu wakarudishwa Afrika kwa mpango wa Bernhard Grzimek, yule yule Mjerumani aliyeipa Serengeti umaarufu kwa filamu. Wakafunguliwa wakaingia msituni, na ukoo wao upo hadi leo. Watu wakatolewa, sokwe wa Ulaya wakapewa kisiwa. Usicheke sana, maana nyumbani kwetu nako yapo.

NA KWETU MARA JE?

Serengeti ilianza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai waliokuwa ndani ya Serengeti wakahamishiwa huko. Hiyo wengi tunaijua. Ambayo haisimuliwi sana ni ya kaskazini. Miaka ile ile ya 1960, wakati Mzee Saanane anaondoka kisiwani, hifadhi ilikuwa inaongezwa kuelekea mpaka wa Kenya. Lile eneo la Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka, likaingizwa ndani. Familia za Kikurya zilizokuwa zikilima na kuchunga upande huo zikatolewa.

Leo Lamai ni maarufu kwa video za nyumbu wakivuka mto huku mamba wakisubiri. Umeiona mara ngapi kwenye simu yako? Na umewahi kuona hata sentensi moja chini yake inayosema hapa palikuwa kwa watu?

Mto ni ule ule, nyumbu ni wale wale. Ila bibi aliyewahi kuteka maji pale na mtoto mgongoni, huyo hayumo kwenye video.

Tofauti ya Mwanza na kwetu ni moja. Mzee Saanane alipoteza kisiwa, lakini jina likabaki. Sisi tuna mipaka inayogombaniwa mpaka leo kati ya baadhi ya vijiji vya Tarime na hifadhi, na majina ya waliohama hayajaandikwa kwenye tiketi yoyote.

ILA TUSEME NA UPANDE WA PILI

Haki itendeke. Ukiwa juu ya mawe ya Saanane, geuka uangalie jiji la Mwanza. Milima yote imejaa nyumba, zimepanda mpaka juu kabisa kwenye majabali, hakuna pa kukanyaga. Kisiwa kile kisingechukuliwa na serikali, unadhani leo kingekuwa bado shamba la ukoo wa mvuvi? Huenda kingekuwa na ukuta, hoteli, na ubao wa "Hairuhusiwi Kuingia". Bustani ile ya wanyama ilishindwa kuwabeba wale wakubwa, maana kuwalisha na kuwatunza kunataka fedha. Baadaye kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa sababu hiyo mtoto wa dereva wa bodaboda na mtoto wa mkurugenzi wanaweza kupanda boti moja na kutembea njia moja.

Kwa hiyo yote mawili ni kweli. Mzee alipewa kidogo, na sisi tumepata kitu kizuri. Tatizo linaanza tunapofurahia la pili kwa kufuta la kwanza.

HAYA, TUTEMBEE

Mwenye watoto wadogo, shika haya:

Nendeni asubuhi. Mawe ya Saanane yakipigwa na jua la saa sita yanageuka kikaango. Mvishe mtoto viatu vya kufunga, achana na ndala, kwa sababu njia ina mawe na mizizi. Kofia, maji ya kutosha, na kitu cha kutafuna. Watoto wa Tarime waliozoea baridi ya milimani watalia joto kabla hamjafika nusu.

Mwache atembee mwendo wake. Mtoto wa miaka mitatu hahesabu kilomita, anahesabu vitu. Kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe. Mwambie wataalamu wanasema huyo kinyama ni ndugu wa tembo, uone macho yatakavyomtoka. Kuna mijusi yenye vichwa vya rangi ya waridi inayopiga pushapu kwenye majabali. Kuna swala pala, kuna tumbili. Tumbili msimpe chakula, na usimwachie mtoto ndizi mkononi, ataporwa mchana kweupe.

Majini msiingie. Ziwa lina mamba, na lina kichocho. Mtoto akitaka kugusa maji, atagusa ya chupa.

Mkifika juu, kaeni. Hapo ndipo watu wengi wanatoa simu, wanapiga selfi tatu, wanashuka. Msiwe na haraka. Mtoto atauliza tu, watoto hawana dogo: "Baba, kwa nini paitwe Saanane?" Usimwambie ni saa. Mwambie kulikuwa na babu mmoja, alivua samaki hapa, alilima hapa, na siku moja akaambiwa aondoke ili wanyama waje. Atakuuliza swali la pili, lile gumu: "Akaenda wapi?"

Na hapo utakosa jibu, kama wengi wetu. Si vibaya. Mtoto akijua kwamba kuna swali, tayari ameshawazidi watu wengi waliopanda boti ile.

MATEMBEZI YA PILI NI NYUMBANI

Mtoto wa Mara hahitaji kwenda kisiwani kufundishwa kutembea. Wakubwa zetu walichunga ng'ombe kutwa nzima, walikwenda shule kilomita kadhaa asubuhi na kurudi jioni, hakuna aliyeita ile haikingi. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia anakanyaga wapi. Tarime na Serengeti zimejaa vilima na majabali ambayo kila moja lina jina, na kila jina lina mwenyewe. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka, na hawaandiki popote.

Kwa hiyo mkirudi kutoka Mwanza, Jumapili inayofuata chukua watoto wale wale, viatu vile vile, nendeni kwa babu kijijini. Mwamkieni, kaeni, kunyweni uji. Halafu mwombe awatembeze, taratibu kwa mwendo wake, mpaka kwenye kile kilima cha karibu, na awaambie kinaitwaje, nani alikuwa akikaa pale, na aliondoka lini. Washa simu urekodi. Data ya bando unayochomea stori za wasanii inatosha kabisa kuhifadhi jina la kilima kimoja.

Mzee Saanane alibahatika jina lake kubaki kwenye ramani, na bado tukadhani ni saa ya chakula cha mchana. Sasa fikiria wale ambao hata jina halikubaki. Kilima kilicho nyuma ya kwenu kinaitwaje, na alikuwa nani?