Kelele na Ukubwa wa Sauti

Bariadi, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ni sehemu ya Usukumani, kwenye mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Mshindi huwa yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo uwanjani mvumo mkubwa wa ngoma ni sifa, wala hauitwi kelele. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio. Hapo pia redio moja ilibidi isikike na wengi.

Siku hizi muziki umeingia chumbani, na spika iko karibu na sikio. Hivyo hatuna budi kutofautisha istilahi mbili. "Kelele" ni sauti asiyoitaka msikilizaji. "Ukubwa wa sauti" hupimwa kwa desibeli, na huweza kudhuru sikio hata kama muziki unapendwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wazima wasizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na watoto 75. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu.

Kijitabu kinachoonya juu ya "kelele" tu hakimfikii mpenda muziki. Tunapendekeza wafasiri na walimu waandike: "Punguza ukubwa wa sauti hadi uweze kuzungumza na mwenzako bila kupaza sauti."