Mitindo ya Wachoraji na Wapigapicha: Namna ya Kuitambua na Ulinzi Wake Kisheria

Kata ya Igogo, wilayani Nyamagana, ni miongoni mwa maeneo ya Jiji la Mwanza ambako nyumba zimepanda vilima vya mawe mbele ya Ziwa Victoria. Mandhari ya namna hiyo yapo wazi kwa kila mchoraji na kila mpigapicha. Kinachomtofautisha msanii mmoja na mwenzake ni mtindo, yaani namna yake ya kutazama, kuchagua rangi na kupanga maumbo. Makala haya yanaeleza baadhi ya mitindo inayotambulika Afrika Mashariki na kiwango ambacho sheria inaulinda ubunifu huo.

Chimbuko katika Kanda ya Ziwa

Uchoraji si jambo geni Usukumani. Wayeye, chama cha wacheza na nyoka, walichora nyoka, watu na viumbe vya masimulizi kwenye kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo. Hans Cory, mtafiti aliyeitumikia Serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Kwa kuwa kuta za udongo hazidumu, kumbukumbu ya aina hiyo ina thamani kubwa. Aidha, Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Padri David Clement katika miaka ya 1950, yanahifadhi ngoma, zana na vifaa vya jadi vyenye maumbo na nakshi ambazo msanii wa leo anaweza kujifunza kwazo.

Uchoraji

Sam Ntiro (1923–1993), aliyesoma Makerere na baadaye London, alichora maisha ya kijiji cha Kichaga: mashamba, migomba na watu wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilinunua mchoro wake wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia vibao vya mraba na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akaweka mnyama au ndege mmoja katikati ya uwanja wa rangi isiyochanganywa. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaandikishwa. Hivyo jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo.

George Lilanga (1934–2005) alihamishia kwenye mchoro mashetani wa uchongaji wa Kimakonde, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, wakicheza na kugombana kama majirani. Kwa upande wake, Sungi Mlengeya, aliyeacha kazi ya benki mwaka 2018, huchora wanawake Weusi na kuliacha eneo kubwa la turubai likiwa jeupe, hata nguo zao zikamezwa na weupe huo na macho ya mtazamaji yakabaki kwenye ngozi, uso na mikono.

Picha za kamera

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar; picha zake za rangi nyeusi na nyeupe ni hazina ya historia ya visiwa hivyo. Katika kizazi cha sasa, Thandiwe Muriu wa Kenya humvika mhusika vazi la kitambaa kilekile kilichotandazwa nyuma yake, mwili ukaonekana kuzama ndani ya nakshi. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alipata tuzo mjini Arles, Ufaransa, mwaka 2016 kwa picha za mwanamke mwenye ualbino alizozipiga Kibera. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa na kuuawa, picha inayomwonesha mhusika akiwa na utu wake kamili ina uzito usio wa mapambo.

Ulinzi wa kisheria

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda michoro na picha tangu zinapobuniwa, katika maisha yote ya mbunifu na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, sheria hailindi wazo. Mtu yeyote anaweza kuchora twiga kwa mtindo wa Tingatinga. Asichoruhusiwa ni kunakili mchoro mahususi wa msanii mwingine na kuuuza bila idhini. Vivyo hivyo, kila mpigapicha anaweza kuvipiga picha vilima vya Igogo, lakini picha aliyoipiga mwenzake haiwi mali ya umma kwa sababu tu imesambaa mtandaoni.

Kwa msingi huo, msanii hushauriwa kutia saini na tarehe kwenye kila kazi, kutunza michoro ya awali na mafaili halisi ya kamera, na kuandikiana mkataba na mteja unaotaja matumizi yaliyokubaliwa. Kusajili kazi COSOTA humrahisishia kuthibitisha umiliki pale mgogoro unapotokea. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, husimamia maendeleo ya sanaa na usajili wa wasanii.